Swali lisilo na pa kupeleka jibu: mwongozo wa utafiti wa vijana na familia Mombasa

Kabla hujaandika kichwa cha utafiti wako, chukua karatasi uipige mstari katikati. Kushoto andika swali unalotaka kumwuliza mtu. Kulia andika jibu lake utalipeleka wapi. Usiniandikie "litasaidia serikali kupanga sera". Andika ofisi, kituo, mkutano, au mtu atakayelisikia na mwenye uwezo wa kulifanyia jambo. Swali ambalo upande wake wa kulia umebaki mtupu, lifute.

Zoezi hili nalifanya na kila mwanafunzi wa ustawi wa jamii anayeletwa kwangu kwa mafunzo ya kazini. Wengi hununa, maana hojaji iliyokuja na maswali 60 huondoka na 20. Lakini mwaka nilioanza kazi, mama mmoja wa Mtongwe alinikaribisha, akaniletea maji, akanijibu yote mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, wewe ni wa nne. Watatu wa kwanza waliandika, wakaenda zao. Na huyo mnayemwandika bado yuko pale nyuma." Kweli alikuwapo, kijana wa miaka 19, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasinzia kwa unga. Nilikuwa na maswali manane juu ya dawa za kulevya katika familia, na sikuwa na nambari hata moja ya simu ya kumwachia mama yake.

Mwongozo huu ni wa yule atakayekuwa wa tano.

1. Chagua mtaa, usichague kaunti

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na kaunti ndogo ziko sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mwanafunzi anayeandika "hali ya vijana walio katika mazingira magumu Kaunti ya Mombasa" amejipa kazi ya wizara. Kijana wa Bangladesh kule Jomvu, ambaye mamake hufua nguo za watu Mikindani, hana shida moja na kijana wa Mji wa Kale aliyezaliwa katika nyumba ya babu yake na hana kazi. Wa Likoni naye siku yake hupangwa na feri. Akikwama upande wa pili, kibarua kimepita.

Basi chagua mtaa mmoja au miwili, na shida moja. "Kwa nini wasichana wa Ziwa la Ng'ombe wanaoacha shule hawarudi darasani baada ya kujifungua" ni utafiti. "Changamoto za vijana" ni hotuba.

Hapohapo amua neno "kijana" lina maana gani kwako. Katiba ya 2010 inasema ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Aliye chini ya 18 ni mtoto, na sheria yake ni nyingine kabisa. Mtaani lakini, "vijana" ni wanaume wasiooa. Ukimwambia mzee wa mtaa akuitie vijana kumi, atakuletea wavulana kumi, na pengine mmoja wao ana miaka 41. Ukitaka wasichana, sema wasichana.

2. Tengeneza orodha ya msaada mapema

Wengi huiandika orodha hii mwishoni kwa sababu kamati ya maadili imeidai. Mimi naiweka hapa mbele, kwa kuwa ndiyo inayokuonyesha maswali gani una haki ya kuuliza.

Zungukia vituo mwenyewe kwa miguu. Usiinakili orodha kutoka kwenye ripoti ya mtu. Fika mlangoni, uliza hufunguliwa siku gani, hulipishwa nini, mtu huja na karatasi gani, na nani hupokea wageni wapya. Kwa uchache utahitaji hivi:

- Nambari 116 ya watoto, ambayo hupigwa bure usiku na mchana, na 1195 ya dhuluma za kijinsia. Zipige wewe kwanza ujue zinavyopokelewa.
- Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo unayofanyia kazi. Jitambulishe kwa afisa ana kwa ana, umweleze unachofanya, uondoke na nambari yake ya kazini.
- Kituo cha walionusurika dhuluma katika Hospitali Kuu ya Pwani. Jifunze muda: dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi baada ya kubakwa lazima zianzwe ndani ya saa 72. Msichana akikusimulia Jumatatu yaliyompata Jumamosi usiku, huna nafasi ya kumaliza hojaji.
- Kwa heroini, kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini, iko Kisauni. Reachout na MEWA ni mashirika ya hapa Mombasa yenye miaka mingi katika kazi hiyo. Uliza mtu wa Likoni atafikaje Kisauni kila siku kunywa dawa yake, kwa sababu methadoni hunywewa pale pale kituoni mbele ya muuguzi. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo inayowarudisha wengi maskani, yaani vijiweni.
- Mtu wa kusikiliza. Washauri nasaha wa bure ni wachache, na baadhi ya misikiti na makanisa wana watu wema kwa kazi hii, wengine wana watu wa kuhukumu tu. Tofauti utaijua kwa kukaa nao.

Ikiwa mtaa uliouchagua hauna pa kumpeleka mtu kwa shida fulani, andika hilo kama tokeo la kwanza la utafiti wako, kisha uliza swali hilo kwa maafisa badala ya kuwauliza wenye shida.

3. Karatasi

Hapa sina mengi, ila usichelewe. Utahitaji barua ya chuo, idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Maombi hufanywa mtandaoni. Ukishaipata, ipeleke kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kisha ushuke kwa naibu kamishna, chifu na naibu chifu. Ukitaka kukaa katika zahanati au hospitali, idara ya afya ya kaunti ina barua yake mbali. Jipe miezi miwili, na ikiwa utafiti wako unagusa watoto jipe mitatu, kwa sababu kamati itakurudishia andiko angalau mara moja. Wala si uonevu. Langu lilirudishwa mara mbili, na mara zote mbili walikuwa sawa.

4. Milango ina mpangilio wake

Karatasi zinakupa ruhusa ya serikali. Ruhusa ya mtaa ni habari nyingine, na hizo mbili wakati mwingine hupigana.

Ukiingia na chifu, wazee watakupokea na vijana watatawanyika. Si ajabu. Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa pale Majengo wakakamata vijana zaidi ya 100. Kuna familia Mombasa ambazo mtoto alichukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa polisi na hajaonekana tena. Mgeni mwenye kalamu anayeuliza vijana hushinda wapi na nani, kwa masikio ya mtaa, ni mpelelezi mpaka ithibitike sivyo. Lakini ukiingia bila chifu kujua, siku ya pili utaitwa ofisini ueleze wewe ni nani, na kila aliyezungumza nawe ataulizwa alisema nini.

Njia ninayoifuata ni hii. Mwendee chifu peke yako, mapema, umwonyeshe leseni, umwombe asikusindikize. Mwambie wazi kwamba majina hatayapata. Kisha mtafute mwenyekiti wa mtaa, na mhudumu wa afya wa jamii anayezungukia nyumba zile. Huyu wa pili ni wa thamani kuliko wote, kwa sababu anajua mlango gani una mgonjwa na mlango gani una ugomvi. Ni yeye akufikishe kwa watu, ila asikae kwenye mazungumzo. Ni jirani yao na kesho watakutana kisimani.

Kwa vijana wa maskani, mlango ni yule anayeketi katikati. Kila maskani ina mmoja. Si lazima awe mkubwa kwa umri, lakini wengine humtazama kabla ya kujibu. Nenda siku tatu bila karatasi. Salimia, kaa, kunywa kahawa, ondoka. Siku ya nne watakuuliza wenyewe umefuata nini.

Kwa wasichana na wanawake wa Kiswahili usiutegemee mlango wa mbele. Mwalimu wa madrasa wa kike, fundi wa hina, mama wa chama, na somo, yule aliyewafunda wanawali kabla ya harusi, ndio wanaojua ndoa ipi ina kipigo. Mtafiti mwanamume asijilazimishe humo. Atafute mwenzake wa kike amfunze kazi.

5. Maneno

Hapa ndipo utafiti mwingi wa Mombasa unapoharibika, na wanaoharibu ni sisi wenyewe wasema Kiswahili, kwa kudhani hojaji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Nairobi au cha ofisini itaeleweka tu.

Anza na neno "kaya". Kwenye fomu kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Mmijikenda kaya ni msitu mtakatifu wa wazee wake, ile misitu iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Na kwa mzee wa Likoni ni zaidi ya hapo. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, wageni wa bara wakauawa na kufukuzwa, na ghasia zile hadi leo huitwa Kaya Bombo. Baadaye msako ukawaingia Wadigo nyumba kwa nyumba. Sasa wewe unabisha hodi, una kitambulisho shingoni, unamwuliza mzee wa miaka 60 "kaya yako ina wanaume wangapi?" Mimi niliuliza. Mzee alinitazama muda mrefu, akaniambia yeye ni mvuvi tu. Sasa nauliza: "Mnaokula chungu kimoja hapa ni wangapi?" Sijapata aliyekosa kuelewa.

"Mahojiano" pia lichunge. Kijana aliyewahi kulala kituoni alihojiwa huko, na huhitaji kumwambia unataka kumhoji tena. Sema mazungumzo. "Uchunguzi" liache kabisa, waachie madaktari na polisi. Neno "utafiti" linapita.

"Unga" ni heroini maskani na ni chakula jikoni. Nilikuwa na mwanafunzi aliyebeba swali la njaa, "Katika siku saba zilizopita, mlikosa unga?", akaliuliza kwa vijana watano waliokaa ukutani Mishomoroni. Walicheka mpaka mmoja akaanguka, kisha wakamjibu kwa ukweli ambao hakuutarajia: wakati wa kukosa, bei ya kete, na arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inavyomkamata mtu alfajiri. Alirudi na data nzuri kwa makosa. Usitegemee bahati yake. Sema unga wa sima. Neno "teja", la kumwita mraibu, usilitumie hata kama wao wenyewe wanaitana hivyo. Wao wana haki nalo. Wewe huna. "Chokora" ni hivyo hivyo.

"Nyumba ni yenu?" ni swali lingine bovu. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba, kuta na mabati, na ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Majengo na Kisauni wako wengi. Jibu lake litakuwa ndiyo, nawe utaandika kwamba familia ina makao salama, kumbe yuko barua moja tu kutoka kuvunjiwa. Gawanya: nyumba ya nani, kiwanja cha nani, na mara ya mwisho mwenye kiwanja alikuja lini.

Kuhusu mzigo wa moyo, "msongo wa mawazo" ni lugha ya redioni na vijana waliosoma huitumia. Mama wa makamo atakwambia anawaza sana, usingizi hauji, moyo mzito, au mwili hauna nguvu. Ukiwa na kipimo kilichotafsiriwa, kisome kwa sauti mbele ya wanawake watatu wa mtaa ule kabla ya kukitumia, na kila swali waulize: "Hapa nimeuliza nini?" Wakikupa majibu matatu, swali halijafa, lakini linahitaji kuandikwa upya.

Usimwambie mtu kwamba yuko katika mazingira magumu. Neno hilo ni la andiko lako.

6. Ridhaa si sahihi

Watu wengi hapa wanaogopa karatasi ya kutia sahihi, na wana sababu. Kuna waliopoteza viwanja kwa dole gumba. Omba kamati ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, uieleze kwa maneno kama haya:

"Naitwa fulani, nasoma chuo fulani. Nataka kuelewa wasichana wa mtaa huu wanaishije baada ya kuacha shule. Ni mazungumzo ya kama saa moja. Si lazima. Ukikataa hakuna utakachokosa, na ukichoka katikati tunaacha. Jina lako siliandiki. Huu si usajili, na simo katika Inua Jamii wala msaada wowote. Lakini nikisikia kuna mtoto anaumizwa, au kwamba wewe unataka kujidhuru, hilo siwezi kulinyamazia. Nitakwambia wewe kwanza ni nani nitakayemweleza."

Sentensi ya Inua Jamii usiiruke. Ule mpango wa serikali hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila anayepita mtaani na tableti hudhaniwa amekuja kuandikisha. Mtu akiamini hivyo atapunguza mapato yake na kuongeza mayatima, nami singemlaumu.

Kwa aliye chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na pia mtoto mwenyewe akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akatazama chini, jibu ni hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Ugumu uko kwa mtoto anayelala nje pale karibu na soko la Kongowea, ambaye mzazi hayupo, au ndiye aliyemkimbia. Hili usiliamue mwenyewe barabarani. Lieleze kwenye andiko lako, zungumza na afisa wa watoto, uiachie kamati iseme nani atasimama badala ya mlezi. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na maslahi hayo pengine ni kwamba usimwulize chochote.

Malipo? Rudisha nauli na muda wa kazi aliopoteza, kiasi kile kile kwa kila mtu, na umwambie baada ya kukubali. Kwa anayetumia dawa, wengine husema usimpe pesa taslimu. Mimi naona hilo ni dharau. Mpe kama unavyompa mwenzake.

7. Utawapataje wasioonekana

Kwa nyumba, njia ya kuhesabu milango, kila wa tano au wa kumi, inafanya kazi ukikumbuka kwamba nyumba ya Kiswahili ina mlango mmoja na vyumba sita au vinane vinavyotazamana ukumbini, na kila chumba kina chungu chake. Orodhesha vyumba kwanza, ndipo uchague.

Kwa waliojificha, vitabu vinafundisha njia ya mpira wa theluji, jina ambalo Mombasa inabidi ulieleze mara mbili. Maana yake mtu mmoja anakupeleka kwa mwenzake. Kasoro yake ni kwamba utazunguka ndani ya kundi moja la marafiki ukidhani umeuona mji. Afadhali ile aliyoibuni Douglas Heckathorn mwaka 1997: unaanza na watu wachache wa makundi tofauti, kila mmoja unampa kuponi tatu zenye nambari awape anaowajua, na unaandika kila mtu anajuana na wangapi, ili baadaye urekebishe hesabu. Usianzie kliniki ya methadoni peke yake. Waliopo pale tayari wameshapata mlango.

Kuna kundi ambalo kuponi haziwafikii: wasichana wa kazi za nyumbani, waliotolewa Kilifi au Kwale na kufungiwa ndani Nyali na Bamburi. Niliowahi kuzungumza nao niliwapata dukani, walipotumwa sukari, dakika kumi kila mara, kwa wiki sita.

Kwa mazungumzo ya kina, mwanafunzi mmoja hawezi kuwafanyia haki zaidi ya watu 20. Ukifika wa 15 na husikii jipya, simama.

8. Siku yenyewe

Usipange Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Mwezi wa Ramadhani fanya kazi baada ya tarawehi au usifanye. Baada ya alasiri ndio wakati wa wanawake, jua limepoa na sima haijaanza kusongwa. Kwa vijana wanaotafuna muguka, alasiri wako wazi na wasemaji kupita kiasi, asubuhi hawana neno. Na tangu kaunti ilipotangaza marufuku ya muguka Mei 2024, hata kama amri ile ilipelekwa mahakamani, swali la "unatafuna?" hupata jibu la tahadhari. Uliza bei, utajua.

Piga hodi mara tatu, ukikosa karibu ondoka. Shikamoo kwa mzee, salamu kwa Mwislamu, na umwite mama kwa jina la mwanawe ukilijua. Ukiletewa maji, pokea. Kaa barazani, mahali wapita njia wanawaona lakini hawasikii. Chumbani, kwa mwanamume na mwanamke, hata na mlango wazi, ni maneno ya wiki nzima kwa yule mama.

Anza na mambo yasiyouma: amekaa hapa tangu lini, mtaa ulikuwaje. Swali zito liweke katikati, usiliweke mwisho, ili mpate nafasi ya kupanda kutoka humo pamoja. Akilia, zima kinasa sauti. Usimwambie anyamaze, na usimwambie Mungu atafungua njia, analijua hilo. Mwulize tu kama angependa kuendelea, kupumzika, au kuacha. Kisha toa ile orodha, na ikiwezekana piga simu naye hapo hapo.

Nawe jilinde. Mazungumzo matatu kwa siku yanatosha. Niliwahi kufanya saba, na la saba silikumbuki.

9. Majina

Nikwambie kosa langu. Mwaka fulani niliweka daftari la majina ya vijana 32, lakabu zao na maskani zao, kwa urahisi wa kuwarudia. Palitokea wizi wa mapanga mtaani, na afisa mmoja akaniomba "anisaidie" kulishika lile daftari siku mbili. Nililichana usiku ule na kulichoma kwenye jiko la makaa, na sehemu ya utafiti ikaenda na moshi. Tangu hapo mtu ni nambari kuanzia dakika ya kwanza. Kama lazima kuwe na kiunganisho cha nambari na jina, hukaa mahali pengine, kimefungwa kwa nenosiri, na huharibiwa siku ile kazi ya kuwarudia watu inapokwisha.

KoboToolbox na programu kama hiyo za kujaza hojaji kwa simu ni nzuri, lakini zima eneo la ramani. Fomu iliyochukua vipimo vya GPS imeandika jina la mtu kwa njia nyingine. Sauti zifute ukishaandika. Na kwenye ripoti, kuondoa jina hakutoshi. "Mjane wa watoto saba anayeuza samosa karibu na msikiti" Kibokoni nzima inamjua. Badilisha biashara, punguza watoto, hamisha msikiti, na useme mbele kwamba umebadilisha.

10. Rudi

Kuna utafiti uliofika upande wa kulia wa karatasi. Owino Uhuru, kule Mikindani, wakazi walipimwa damu ikakutwa na risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Kiwanda kilifungwa 2014, Phyllis Omido aliyeongoza mapambano akapewa tuzo ya Goldman 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri ambalo baadaye lilipanda hadi Mahakama ya Juu. Vipimo ndivyo vilivyosimama kizimbani. Lakini kwa mama mwenye mtoto, swali la kwanza lilikuwa jepesi zaidi: damu ya mwanangu imesema nini?

Wako si lazima ufike mahakamani. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha mtaa ule, herufi kubwa, mambo matano uliyoyakuta na moja ambalo hukulipata. Upeleke kwanza kwa waliozungumza nawe, kabla ya msimamizi wako chuoni kuidhinisha toleo la mwisho, na waulize umekosea wapi. Watakusahihisha, mara moja sura nzima ya andiko langu juu ya baba wasiotunza watoto ilipinduliwa na wanawake wanne Mtopanga waliosema wanaume wale hupeleka pesa kwa mama zao, ni sisi tuliowauliza wake peke yao.

Baada yao ndipo uende baraza la chifu, ofisi ya watoto, na ile orodha yote ya upande wa kulia. Pwani FM na Radio Rahma huwa na vipindi vya jamii. Ukialikwa, zungumza matokeo na usimtaje mtaa.

Chagua Jumamosi asubuhi, watu wakiwa kwenye mahamri na mbaazi. Chapisha nakala 50 na usichapishe 20, kwani anayeuza mahamri naye atataka za kufungia.